Koki ya Nusu

"Mwezini kote hakuna fundi wa matangi anayenifikia," alisema Rozwita Mapunda akiuma kipande cha muhogo, na watu wa meza ile wakanyamaza kwa heshima. Alitafuna, akameza, akafuta mdomo kwa kiganja. "Tulikuwa wawili. Mwenzangu amekufa."

Wakacheka. Siku zile mji wa Songea Juu ulikuwa bado unacheka, na cha kuchekea hakikukosekana, maana geji ya tangi kubwa ilikuwa imeanza kucheza ngoma. Ukiitazama mshale uko nusu. Ukipiga chafya umeanguka robo. Ukigeuka umwite mwenzio aje aone, umesharudi juu, unatetemeka kama mlevi anayempigia saluti askari. Watoto walikuwa wakishindana kubahatisha utasimama wapi. Watu wazima walisema geji imekunywa ulanzi.

Ndani ya tangi lile hapakuwa na maji ya kunywa. Palikuwa na hewa yenyewe, ile anayoitaka mtu mapafuni, iliyopozwa kwa baridi isiyosimulika mpaka ikawa majimaji ya buluu iliyopauka, kama sare ya shule iliyorithiwa na mtoto wa nne. Waliiita maji-pumzi. Mtambo uliikamua kutoka kwenye udongo wa Mwezi, tangi likaitunza, na mji mzima ukaivuta kidogo kidogo kupitia mabomba ya ukutani. Nje ya kuta hapakuwa na hata ya kumtosha sisimizi.

Meza ilipokuwa bado inacheka, redio ya kantini ikakwaruza. Alikuwa Nkwabi Luhende, fundi wa matangi wa Shinyanga Juu, mji wa pili, ng'ambo ya vilima.

"Songea Juu, mnanisikia? Mtambo wetu wa kukamua umekufa. Tangi linakwisha. Tunakufa huku."

Sasa, watu wa Songea na Wasukuma wa Shinyanga ni watani tangu huko chini duniani. Mababu walipigana, wakachoka, wakaona kutukanana kunapunguza gharama za mazishi. Utani ule ulipanda chombo pamoja nao, kama chawa kwenye mshono. Mtani akikuambia umeoza, unamuuliza kama ndiyo sababu mkewe anakupenda. Ndiyo heshima yenyewe. Kwa hiyo Rozwita, aliyekuwa karibu na redio kuliko wengine na mwenye mdomo kuliko wote, alibonyeza kitufe akajibu, "Kufeni taratibu, watumwa wetu. Jeneza tunalo moja."

Kantini ikalipuka. Mpishi alishika ukuta. Upande wa pili redio ikafungwa, na watu wakasema leo Msukuma kakosa jibu.

Nkwabi alipiga tena kesho yake. Safari hii hakumwita mtu mtumwa, wala hakugusa ukoo wa mtu. Alitaja tu majina ya waliokufa, taratibu, na nyuma yake mtoto alikuwa akikohoa kikohozi kikavu kisichoisha. Hapo kantini ikaelewa. Mtani asipokutukana, jua amesimama mbele ya maiti.

*

Mzee Gama, mwenyekiti wa mji, alivaa koti la suti juu ya ovaroli, ili kazi yoyote itakayotokea imkute amevaa. Alimwita Rozwita pembeni ya pampu, mahali penye kelele, na hapo ndipo mambo yasiyotakiwa kusikika yaliposemewa.

"Mapatano unayajua, Bi Rozwita."

"Nayajua. Aliye juu ya nusu anammiminia aliye chini, mpaka walingane."

"Na wote wakiwa chini?"

"Kila mtu na Mungu wake."

"Sisi tuko wapi?"

"Inategemea umeitazama geji wakati gani, Mwenyekiti."

Gama hakucheka. "Nkwabi yuko njiani na gari la tangi. Akifika atataka jibu. Mimi geji siijui, najua kuvaa koti tu. Neno lako ndilo nitakalolisema."

Chombo cha kuleta hewa na vipuri kutoka duniani kilikuwa kimekwama kwa hitilafu ya injini. Kingekuja, lakini kingechelewa. Mtambo wa Songea Juu peke yake haukutosha miji miwili, na hesabu haikuhitaji mtu aliyesoma sana. Kama tangi lilikuwa juu ya nusu na wakabaki nalo peke yao, Songea Juu ingefika siku ya chombo ikiwa inapumua kama kawaida, na Shinyanga Juu wangekutwa wamelala kwenye vitanda vyao, wote. Wakigawana, miji yote miwili ingepumua pumzi ya kubana. Watu wangetembea kwa kuegemea ukuta, vichwa vingegonga, hakuna kuimba, hakuna kupandisha ngazi mbili kwa pamoja, lakini wengi wangefika. Ila kila kinachokunywa pumzi ya ziada kingefungwa. Tanuri la mikate. Banda la nyanya. Na kabati la kioo la zahanati.

Ndani ya kabati la kioo alikuwamo Leokadia, mjukuu wa Rozwita.

Alizaliwa kabla ya wakati wake, mwekundu, na vidole kama njiti za kiberiti. Mwezini hata gunia la mahindi hubebeka kama mto, lakini mtoto huyu ukimshika ulihisi umeshika joto tu. Kabati lilimpulizia hewa nzito kuliko ya ukumbini, na humo kifua chake kilipanda na kushuka. Siku moja muuguzi alilifungua kidogo ili kubadili shuka, na midomo ya mtoto ikageuka rangi ya zambarau kabla shuka halijanyooka.

Edita, mama yake, alikuwa ameketi mbele ya kioo. Hakugeuka Rozwita alipoingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Amenyonya?"

"Matone." Kisha akasema, "Wanasema Wasukuma wanakuja kuchukua."

"Hawachukui. Wanapewa, kama kipo."

"Kipo?"

"Geji inacheza, mwanangu. Sijaikamata."

"Usiikamate basi," alisema Edita. Alilisema kama mtu anayeomba apunguziwe sukari kwenye chai, na Rozwita akasimama pale na mfuko wake wa spana, asijue aweke wapi mikono.

*

Alikwenda kuikamata.

Geji ya tangi la namna ile haioni kitu. Ni kipofu anayepima kwa mabega. Bomba jembamba linalotoka chini ya tangi linamletea uzito wa majimaji pamoja na hewa iliyoyakalia. Bomba la juu linamletea uzito wa hewa peke yake. Kipofu anatoa huu kwenye ule, anakutajia kina. Akitetereka, ama bomba moja linavuja, au moja limeziba, au koki inayounganisha mabomba hayo mawili haikufungwa sawasawa na habari zinachanganyika njiani.

Rozwita alipaka povu la sabuni kwenye bomba la juu, kila kiungo, akasubiri. Hakuna lililofura. Alikaza koki ya kuunganisha mpaka ikalia. Mshale ukacheza. Alipuliza bomba la juu kutoa barafu, kama ilikuwamo. Haikuwamo. Aligonga kioo kwa ukucha, jambo lisilosaidia chochote, lakini fundi asiyegonga kioo huyo anajifanya. Mshale ukacheza.

Basi akapiga magoti kulitazama bomba la chini, na pale akakutana na watoto wote wa Songea Juu.

Mtoto wa kwanza kuzaliwa mji ule alizaliwa dhaifu, na bibi yake, kwa kukosa mti wala kaburi la ukoo la kuendea, alikata kipande cha mbeleko akakifunga kwenye kile kibomba, karibu kabisa na pumzi inakotokea. Mtoto akaishi. Tangu hapo hapakuwa na bibi aliyethubutu kuacha. Kanuni zilikataza, kwa kuwa nguo iliyonyonya hewa ile huwaka kama petroli, na kila mwenyekiti alizisoma kanuni hizo kwa sauti, kisha mkewe akaja na kipande chake. Vilikuwa vimepangana kama pete, vimeganda kwa ukungu mweupe. Na juu ya vyote kulikuwa na kimoja kisichokuwa kipande hata kidogo. Kilikuwa kitenge kizima, kimekunjwa mara mbili, kimezungushwa kama bandeji ya mguu uliovunjika. Rozwita alikifunga mwenyewe. Alijiambia siku ile Leokadia alipozaliwa kwamba mtoto mdogo anahitaji nguo kubwa.

Aligusa bomba pale kitenge kilipoishia. Lilikuwa baridi ya kung'oa ngozi, mahali lilipopasa kuwa na joto la chumba.

Akakaa chini sakafuni.

Mtu asingehitaji kumweleza. Bomba la chini sharti liwe wazi, lipate joto, ili majimaji yakichungulia tu yageuke hewa mlangoni. Ukilivika nguo, baridi inatambaa ndani, majimaji yanaifuata, yanapanda bombani kuelekea kwenye geji. Yakipanda, uzito wao unamwibia kipofu, naye anataja kina kidogo kuliko kilichopo. Kisha yanakutana na joto, yanachemka, yanakohoa, yanarudi chini, na mshale unaruka. Vile vipande vyembamba vilikuwa vikiiba kidogo miaka yote, pasipo mtu kujua. Kitenge ndicho kilichovunja mgongo. Fundi asiyefikiwa Mwezini kote alikuwa ameifunga geji kitambaa machoni kwa mikono yake, huku akiomba dua.

Alichukua kikausha nywele cha Edita akayeyusha ukungu, akafungua fundo moja moja. Alizijua nguo nyingi. Ile ya maua ya njano ilikuwa ya mtoto wa mpishi. Ile yenye jogoo ilikuwa ya mtoto ambaye sasa ana ndevu. Alizilaza kwenye mapaja, akalipuliza bomba mpaka likapata joto, kisha akainua macho.

Mshale ulikuwa umesimama. Haukutetemeka, haukusita. Ulikuwa juu ya nusu, na si kwa kuponea chupuchupu. Ulikuwa juu kwa kiasi cha kumfanya mwenye nyumba aone aibu kusema hana.

Kimya kile kilimuumiza kuliko ngoma. Geji ikicheza, mtu anaweza kusema sijui, akalala. Sasa alijua, na hapakuwa na mwingine anayejua. Alijaribu kuwaza watu wa Shinyanga Juu, akashindwa kuwaza wengi. Alimpata mmoja tu, yule mtoto wa redioni na kikohozi chake. Naye huyo ana bibi, alijiambia. Bibi yake naye yuko mahali sasa hivi anahesabu vifua vinavyopanda. Aliliona hilo waziwazi kabisa, kama anavyouona mkono wake. Na bado, kila alipoinuka kwenda kumwita Gama, aliona midomo ya zambarau, akaketi tena.

Hakuna aliyemlazimisha. Hilo lazima lisemwe.

Akavifunga tena. Kila kimoja mahali pake, cha mpishi, cha jogoo, na kitenge cha Leokadia juu ya vyote, akakikaza. Alijiambia hajadanganya mtu. Amerudisha vitu vya watu alipovikuta. Alijiambia hivyo akiwa bado amepiga magoti, na ilimbidi ajiambie tena aliposimama, maana ya kwanza haikushika. Kufikia hapo ubaridi ulikuwa umeanza kutambaa. Mshale ukatikisika, ukainama, ukaanguka chini ya nusu, ukaanza kucheza.

*

Nkwabi Luhende aliingia kupitia mlango wa magari akiwa amevua kofia ya chuma, na ikabidi Rozwita amtazame mara mbili. Alikuwa jitu la mtu. Sasa shingo ilikuwa imepotea ndani ya kola, na kucha zake zilikuwa na weusi chini yake. Alisimama akivuta hewa ya Songea Juu kwa pua, polepole, kama mtu anayenusa pilau kwa jirani.

"Mtumwa wangu, shikamoo," alisema.

"Marahaba, mtumwa. Umekonda. Ile michembe yenu ya viazi vikavu imeisha?"

"Ulituambia tufe taratibu. Tumejitahidi."

Gama akakohoa ndani ya koti lake. Rozwita akahamishia mfuko wa spana mkono mwingine.

"Tulidhani ni utani, Nkwabi."

"Najua. Hata mimi ningecheka. Hilo la jeneza lilikuwa zuri, nilimsimulia mama yangu." Akavuta tena pumzi. "Alicheka mpaka akachoka. Alikuwa wa pili kwenda. Siku zote alikuwa na haraka yule."

"Poleni sana," alisema Gama. "Poleni mno. Huku nako, Bi Rozwita amepata mjukuu, kabla ya wakati. Yuko kwenye kioo."

Nkwabi akamgeukia. "Mjukuu? Hongera. Anafanana na nani?"

"Na mimi, wanasema."

"Basi kioo mkifunike, asijione." Lakini alisema hivyo kwa upole, akamshika bega, na mkono wake haukuwa na uzito wowote.

Wakaingia chumba cha tangi, watatu. Tangi lilipanda mpaka juu kwenye giza la dari, jeupe, kimya. Wakasimama mbele ya geji bega kwa bega na kuitazama ikicheza.

"Ndiyo hiyo," alisema Rozwita. "Chini ya nusu. Ikiruka juu ni wazimu tu, usiifuate."

"Umeikagua?"

"Bomba la juu halivuji. Koki ya kuunganisha imefungwa. Barafu hakuna."

"Na maji yako wapi hasa, kwa neno lako?"

Gama aligeuza uso amtazame. Rozwita aliutazama mshale.

"Theluthi. Pengine pungufu ya theluthi."

Gama akashusha pumzi aliyokuwa ameishika, kisha akainamisha kichwa, kwa kuwa ile pumzi ilikuwa ya nafuu na mgeni ameisikia. Nkwabi alitembea taratibu kulizunguka tangi, mkono ukipapasa ukuta wake, akiinua macho, akiinamisha. Kiunoni mwa tangi, mafundi wa kwanza walikuwa wamechomelea koki ndogo yenye mdomo unaotazama chini, kwenye mstari wa nusu kabisa. Kazi yake ilikuwa ya siku geji itakapougua. Unaifungua. Ikitoka hewa tupu, majimaji yako chini ya mstari. Yakitoka majimaji, yako juu. Nkwabi alisimama mbele yake.

"Hiyo imeganda," alisema Rozwita. "Ukiifungua haitafunga. Utatumaliza wote."

"Hata kwetu ilikuwa inaleta maneno. Ukiigonga inatii."

"Nkwabi, acha. Hapo ni hewa tupu, nimekuambia. Utapoteza kidogo tulichonacho."

"Mtumwa wangu," alisema Nkwabi, akachutama kwa kushika goti, maana nguvu ya kuchutama hakuwa nayo. "Mtani akiingia jikoni kwako akafunua chungu, unamkataza? Tangu lini? Mimi nafunua tu. Kama ni hewa tupu, nitawapelekea watu wangu habari ya hewa tupu. Wataipenda. Wamezoea."

Na huo ndio ubaya wa utani. Angekuwa mkaguzi, Rozwita angemwambia atoke. Angekuwa adui, Gama angeita vijana. Lakini mtani hakatazwi chungu. Ukimkataza umesema mwenyewe kilichomo. Gama alisogea karibu ili aone vizuri, mikono nyuma. Rozwita akawapisha kwa kurudi nyuma. Nkwabi akaigonga koki kwa kiganja, akaizungusha.

Kwanza ilipiga mluzi. Rozwita alifumba macho, na kwa kitambo kile kifupi aliamini, aliamini kweli, kwamba labda alikosea yeye na si geji. Kisha mluzi ukakatika.

Maji-pumzi yalitoka. Yalianguka polepole, kama kila kitu kinavyoanguka Mwezini, mchirizi wa buluu iliyopauka uliojipinda hewani, ukafika sakafuni ukapasuka kuwa shanga zinazokimbia kila upande, na kila shanga ikiacha moshi mweupe nyuma yake. Zilikimbilia chini ya viatu vya Gama, naye akaruka akijipangusa suruali. Nkwabi aliacha yatoke kwa muda wa mtu kusema jina lake. Akafunga. Koki ilifunga bila taabu yoyote.

Ukungu ukatanda mpaka magotini.

"Bi Rozwita?" aliita Gama.

"Geji imenidanganya," alisema Rozwita. Sauti yake ilikuwa tulivu, hata yeye aliistaajabia. "Mwenyekiti, mmeiona wenyewe inavyocheza. Nimesoma nilichokiona. Sikujua."

Gama alikuwa tayari kumwamini. Ilionekana usoni, jinsi alivyoshika lile neno kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto ambebe. Alimgeukia mgeni amweleze kwamba ni kosa la chombo, kwamba chombo huugua, kwamba sasa watamimina na yaishe.

Lakini Nkwabi hakuwa anaitazama geji, wala tangi, wala Gama. Alikuwa bado amechutama, ameegemeza mkono ukutani, akitazama sakafu. Alitazama mahali alipokuwa amesimama Gama, karibu na koki, suruali ikiwa imeganda kwenye pindo. Kisha akapeleka macho pole pole ng'ambo ya ukungu, mbali, karibu na mlango, mpaka yakafika kwenye viatu vya Rozwita, vikavu.

"Mwenyekiti alisogea mbele," alisema. "Yeye aliambiwa ni hewa, akaamini." Hakumwita mtumwa wake. "Wewe ulirudi nyuma kabla sijaigusa koki. Ulikuwa unakimbia nini, Bi Rozwita? Hewa haimwagikii mtu miguuni."